Shilingi Isiyoshikika

(Mazungumzo na wanafunzi wa sheria na uhasibu, Arusha)

Shikamooni wakubwa mliokaa mbele. Na ninyi vijana wa nyuma, marahaba. Nawaitikia mapema kabla hamjanisalimu, maana naona wengine mmeshainamia simu.

Mkuu wa chuo alinipigia wiki mbili zilizopita akaniambia, "Mzee, njoo uwaeleze wanafunzi wangu mbunge wa Afrika Mashariki anachangia nini kwenye mijadala ya sheria na fedha za umma." Nikamjibu kwamba mimi sikusoma sheria, na ubunge naujua kwa kuutazama kwenye runinga. Nilikuwa wakala wa forodha pale Namanga, miaka ishirini na ushee, kazi yangu kutoa magari. Akacheka. "Wanasheria ninao wa kutosha," akasema. "Nataka mtu aliyewahi kusubiri."

Basi, kusubiri nakujua. Lakini tuanze na shilingi.

Kila mwaka kati ya Aprili na Juni, Bunge la Dodoma likiwa kwenye bajeti, mtamsikia mbunge amefura: "Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kuridhisha nitashika shilingi!" Maana yake Bunge limekaa kama kamati, linapitisha fungu moja baada ya jingine, limefika kwenye mshahara wa waziri, na mbunge anatishia kuleta hoja ya kuupunguza kwa shilingi moja. Shilingi yenyewe siku hizi hainunui hata pipi. Lakini waziri atasimama, atajieleza, ataahidi, na mwisho atamwomba mheshimiwa amrudishie shilingi yake. Wengine wanaona ni maigizo. Mimi nimeona maigizo yale yakileta kivuko, kwa hiyo siyadharau.

Sasa njooni kwenye Bunge la Afrika Mashariki, lililo hapa hapa mjini kwetu na ambalo wengi wetu tunapita nje ya geti lake bila kugeuza shingo. Mawaziri wa Afrika Mashariki wa kila nchi wanaingia ukumbini humo. Wanaleta miswada, wanajibu maswali. Ila wamo kwa nyadhifa zao, kura hawapigi, na mshahara wa kila mmoja unalipwa kwao. Haumo kwenye bajeti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mbunge hata akifura vipi, shilingi ya kushika haipo.

Kwa hiyo swali nililokuja nalo leo ni hilo. Asiye na shilingi ya kushika, anashika nini?

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Bunge likazinduliwa miaka miwili baadaye, siku ileile ya 30 Novemba, mwaka 2001. Spika wa kwanza alikuwa Abdulrahman Kinana. Nchi zilikuwa tatu, kila moja ikaleta wabunge 9, jumla 27. Leo nchi ni nane, kuanzia Somalia upande ule hadi Kongo upande huu, na kwa hesabu ya Mkataba hao ni wabunge 72. Wanachaguliwa na mabunge ya nchi zao, tena si kutoka miongoni mwa wabunge wenyewe, na Ibara ya 50 inataka wawakilishe vyama, mitazamo, jinsia na makundi maalumu kwa kadiri inavyowezekana. Ibara hiyo si pambo. Mwaka 2006 Profesa Peter Anyang' Nyong'o, mwanasiasa wa Kenya, na wenzake waliipeleka Kenya mahakamani kwa namna ilivyopata majina yake tisa, na Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia wabunge wale wasiapishwe. Bunge la pili likachelewa hadi katikati ya 2007.

Ninachotaka mkishike hapo ni kwamba mbunge huyu hana jimbo. Hakuna kijiji kinachomngoja na orodha ya visima. Hakuna mtu atakayemzomea kwenye msiba. Hilo ni tatizo, sikatai, lakini lina uzuri wake: hawezi kujitetea kwa bati alizogawa. Kitu pekee anachokiacha nyuma ni maneno yake kwenye taarifa rasmi za majadiliano, ile wenyewe wanaiita Hansadi. Kule ndiko nilikojifunza kumpima.

Na niwaambie ukweli, mara ya kwanza nilipozisoma nilikata tamaa. Nilipima mchango wa mheshimiwa mmoja kwa rula, simtaji. Pongezi kwa Spika, shukrani kwa wenyeji, pole kwa aliyeugua, pongezi tena kwa mtoa hoja: sentimita thelathini na moja. Muswada wenyewe: sentimita nne. Na zile nne zilikuwa za kuunga mkono hoja.

Lakini wapo wengine.

Mwaka 2005 wabunge watatu walifanya jambo ambalo nikilisimulia kijiweni watu wanadhani natania. Calist Mwatela wa Kenya, Lydia Wanyoto wa Uganda na Isaac Sepetu wa Tanzania, mmoja kutoka kila nchi, waliishtaki Jumuiya yenyewe. Chanzo kilikuwa miswada binafsi. Mkataba, Ibara ya 59, unampa kila mbunge haki ya kuleta hoja au muswada wake, ukiweka mipaka panapoguswa mifuko ya Jumuiya. Wabunge wakaitumia haki hiyo, ukiwemo muswada wa majadiliano ya biashara. Upande wa mawaziri ukasema hapana. Miswada inayogusa sera, mamlaka ya nchi na mambo ya bajeti iachwe iletwe na Baraza la Mawaziri la Jumuiya, na hiyo iliyokwisha kuingia iondolewe.

Sasa ninyi wa uhasibu mtaniambia, mambo ya bajeti yana ubaya gani yakiachiwa wenye fedha? Ubaya ni huu. Taja sheria moja isiyokuwa na bei. Ukiandika sheria ya mbwa wazururaji, kuna mtu atanunua kamba. Ukikubali kwamba mbunge asiguse chenye harufu ya fedha, umembakizia kusherehesha.

Hukumu ilitoka Oktoba 2006. Mahakama ikasema muswada ukishaingia bungeni ni wa Bunge, Baraza haliwezi kuuchomoa kama mtu anayechukua mwavuli wake mlangoni. (Mwavuli ni wangu, majaji waliongea kijaji.) Ikaona pia kwamba kikao kimoja cha kisekta, yaani cha mawaziri wa sekta moja, cha Septemba 2005 kilichojadili miswada hiyo hakikuundwa kwa mujibu wa Mkataba. Lakini ikasema uamuzi huo utazame mbele, usibomoe yaliyokwisha kufanyika. Na muda wa Bunge la kwanza ulikuwa umebakiza wiki chache. Yaani walishinda kesi wakiwa wanafunga masanduku. Sheria ya Majadiliano ya Pamoja ya Biashara ilikuja 2008, na mwaka huohuo Jumuiya ikapata Sheria ya Bajeti. Mwatela wakati huo alikuwa ameshahamia Bunge la Kenya, mbunge wa Mwatate, kule barabara ya kwenda Taveta.

Mimi kwa kipimo changu ule ndio mchango mkubwa kupita wowote uliowahi kutolewa na mbunge wa Bunge lile kwenye fedha za umma, na haukutolewa ukumbini.

Haya, fedha zenyewe zikoje?

Ninyi mmeshakaa kamati za harusi. Kuna kadi, kuna ahadi, na kuna fedha taslimu, na hivyo ni vitu vitatu tofauti. Bajeti ya Jumuiya kwa Ibara ya 132 ni kamati ya harusi ambayo kila mjumbe anachangia sawa, mwenye ghorofa na mwenye kibanda, halafu wafadhili wanaongeza chao. Kwa mwaka 2023/24 ilikuwa kama dola milioni 103. Tanzania peke yake mwaka huo ilipitisha shilingi trilioni 44.39. Ukipiga hesabu, bajeti ya Jumuiya nzima haifiki asilimia moja ya hiyo ya kwetu. Na hata hiyo ndogo, kadi zinarudi na ahadi tupu. Mwaka unaanza Julai, mpishi ameshawasha moto, na mjomba bado anasema atatuma Ijumaa. Limezungumzwa pendekezo la kugawa mzigo upya, asilimia 65 ichangwe sawa na 35 ifuate kipato cha nchi. Ni mazungumzo mazuri. Lakini mwenye tabia ya kuchelewa, hata ukimpunguzia atachelewa na kidogo.

Hapo mbunge anafanya nini? Kupitisha makadirio anapitisha. Kumlazimisha mlipaji hawezi. Akikataa bajeti kwa hasira, anayeumia ni karani wa hapa Arusha, waziri mdaiwa hana habari. Nimewasoma wabunge wakilia na jambo hili mwaka hadi mwaka. Waliobaki kichwani mwangu ni wale waliouliza mambo ya kitoto. Nani amelipa, kiasi gani, tarehe ngapi? Swali kama hilo likijibiwa, linaingia kwenye taarifa rasmi likiwa na jina la nchi. Serikali zetu zinavumilia deni vizuri sana. Kusomewa deni mbele ya majirani ndiko hazikupendi.

Sasa niwapeleke mpakani, maana ndiko nilikoona sheria ikigeuka fedha.

Masika ya mwaka 2009 nilikuwa na Fuso ya vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Nairobi. Mwenye mzigo alikuwa mama mmoja, amekuja nayo mwenyewe, amekaa mbele na dereva. Tukafika Namanga saa nane mchana. Utaratibu wa wakati ule: unapanga foleni upande wa kwanza, unagonga mihuri, unapiga nakala kwenye kibanda, unarudi, unaambiwa nakala haisomeki. Ukimaliza unavuka, unaanza upya upande wa pili, makaratasi yaleyale, maswali yaleyale, ila dirisha limebadilika. Upande mmoja mtandao ukagoma. Tukalala. Mvua ikanyesha, turubai lilikuwa na tundu karibu na tela, na utingo akashinda usiku kucha akisogeza magunia. Siku ya tatu, jua lilipotoka, mama akafungua gunia moja. Vitunguu vilikuwa vimechipua vijani vya kijani, kama urefu wa kidole hiki. Hakulia. Alivunja kijani kimoja, akakinusa, akaniuliza, "Baba, wewe ndiye wakala. Nimlipe nani ili niwe nimepita?" Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa ameshalipa kila kinacholipwa.

Ndipo mjue kwa nini nilikuja kusoma muswada. Mwaka 2012 uliandikwa muswada wa vituo vya pamoja vya mpakani: gari lisimame mara moja tu, upande linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wakae jengo moja. Ili hilo liwezekane kisheria, ofisa wa Kenya lazima awe na mamlaka ya kufanya kazi akiwa amesimama kwenye ardhi ya Tanzania, na wa kwetu vilevile. Fikirieni ugumu wake. Akimkamata mtu, amemkamatia nchi gani? Akipokea ushuru, fedha zimepokelewa wapi? Hayo ndiyo yalipaswa kuchambuliwa kifungu kwa kifungu, na hakuna hata moja linalopendeza kwenye runinga.

Sheria hiyo kwenye vitabu ni ya mwaka 2016. Mhesabu wenyewe ni miaka mingapi. Muswada wa Bunge lile haumalizikii bungeni, lazima wakuu wa nchi wote wauridhie. Miezi mitatu ikipita bila ridhaa, unarudishwa na sababu zake. Bunge likiupitisha tena na mkuu mmoja tu akaukataa, umekufa. Ibara ya 63 hiyo, msome. Kituo cha Namanga kilizinduliwa rasmi Desemba 2018. Siku nilipopita pale kama abiria, nimeshastaafu, nilitoka upande wa pili kabla chai yangu haijapoa kwenye kikombe cha plastiki. Nilifurahi, halafu nikakasirika.

Ndugu yake muswada ule ulikuwa wa kudhibiti uzito wa magari, nao wa 2012, sheria nayo ya 2016. Huu naupenda zaidi kwa sababu watu walidhani unahusu malori.

Sheria inasema gari lenye mzigo lisizidi tani 56 kwa jumla, na kila ekseli, ule mhimili unaobeba magurudumu, ina kikomo chake. Wenye malori walilalamika, na mimi nilikuwa upande wao, maana mteja wangu akipunguza mzigo ananipunguzia na mimi. Sasa sikilizeni. Wahandisi wa barabara wana kanuni ya siku nyingi: uharibifu wa lami hauongezeki sambamba na uzito, unaongezeka karibu kwa kipeo cha nne. Wa uhasibu, toeni simu zenu sasa, nawaruhusu. Ekseli ya tani 10 ikibeba 12, imezidisha kwa asilimia 20. Moja nukta mbili, zidisha kwa yenyewe mara nne. Mmepata ngapi? Mbili na kidogo. Uharibifu umezidi maradufu kwa tani mbili za ziada. Mwenye lori amevuna nauli ya tani mbili, na barabara imelipa kama vile malori mawili yamepita. Na lami ile ni mkopo, utalipwa na ninyi mkiwa na mvi.

Mbunge anayesimama kwenye muswada huo akasema "Mheshimiwa Spika, wasafirishaji wetu wanateseka kwenye mizani" amesema kweli, mimi shahidi. Mbunge anayesimama akaifanya hesabu hiyo kwa sauti, akauliza faini imepangwa chini au juu ya faida ya kuzidisha mzigo, huyo amejadili bajeti ya nchi zote bila kutaja neno bajeti. Kwa maana faini ikiwa ndogo kuliko faida, ni ada tu. Mwenye lori ataiingiza kwenye gharama za safari pamoja na dizeli na chakula cha utingo.

Huko ndiko kwenye kushika. Kwenye kifungu cha faini, kwenye neno "anaweza" likigeuzwa "lazima", kwenye "ndani ya muda unaofaa" likigeuzwa "ndani ya siku 30". Mama wa Mang'ola hakuumizwa na kukosekana kwa sheria. Sheria ya usimamizi wa forodha ilikuwepo tangu mwaka 2004. Aliumizwa na sentensi ambazo hazikumlazimisha mtu yeyote kuharakisha.

Ukaguzi niupitie haraka. Ibara ya 134 imeweka Tume ya Ukaguzi yenye wakaguzi wakuu wa nchi wanachama, taarifa yao inaletwa bungeni, na Kamati ya Hesabu inaichambua. Ni kazi ya maana na inachosha kuisoma. Shida yake ni umri: taarifa ikifika mezani, mwaka unaojadiliwa umeshazikwa, na aliyehusika amehama ofisi. Ninyi mtakaokuwa wakaguzi, nawaomba mwandike sentensi fupi.

Nilisahau akidi. Mkataba unataka nusu ya wabunge wawepo, na kati yao theluthi ya kila nchi. Tisa kwa tatu ni tatu. Kwa hiyo nchi moja ikiwa na wabunge wawili tu ukumbini, wote wengine hata wakijaa hadi milangoni, kikao hakifanyi uamuzi. Ukisikia mbunge wa Bunge lile amekosa vikao, usiseme ni uvivu wake binafsi. Anaweza kuwa amebeba akidi ya nchi nzima mfukoni.

Mwenzenu mmoja ameniletea kikaratasi. "Mzee, mbona mijadala yao haipo kwa Kiswahili?" Swali halali. Mkataba ulipoandikwa ulitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikapewa kukuzwa kama lugha ya mawasiliano ya watu. Bunge lenyewe mwaka 2016 lilipitisha azimio kuomba Kiswahili kiwe lugha rasmi, na wakuu wa nchi mwaka 2021 wakakikubali pamoja na Kifaransa. Kukubaliwa ni kadi. Bado tunasubiri taslimu. Siku nitakapoona kifungu cha faini kinabishaniwa kwa Kiswahili, nitampeleka yule mama akasikilize, akiwa hai. Sijamwona tangu mwaka ule.

Kikaratasi cha pili kinasema: "Je, wewe unamjua mbunge wako wa Afrika Mashariki?" Nawajua tisa kwa majina, ndiyo. Nami niwageuzie. Mwenye kuwataja watatu anyooshe mkono. Watatu tu. Wawili? Dada pale nyuma, naona umenyoosha. Ah, unajipepea.

Nimeleta nakala za mjadala mmoja wa kamati ya Bunge zima, ile hatua ya kifungu kwa kifungu. Zipo kumi na mbili, nimepiga nakala kwa fedha yangu, kwa hiyo mtaazimana. Nimeleta na rula. Pigeni mstari pale pongezi zinapoishia, mpime kilichobaki, halafu saa kumi tukutane hapa hapa mniambie mmepata sentimita ngapi.